Kiwele cha kondoo kinapougua: kagua mkono, kagua mwana, kisha uliza ukoo

Wafugaji wa Lamu bara, kuanzia Witu hadi Hindi na kule nyuma ya Mokowe, huleta malalamiko yale yale kila kondoo wanapozaa. Kiwele kimevimba upande mmoja. Kiwele kimepoa na kubadilika rangi. Wanakondoo wanalia njaa ilhali mama ananyonyesha. Jike yule yule anaugua kila uzazi, na sasa binti yake naye ameanza. Hili la mwisho ndilo linalozua ubishi barazani. Mmoja atasema ni uchafu wa zizi, mwingine atasema ni damu ya ukoo ule, na kila mmoja ana kipande cha ukweli.

Hakuna kondoo anayezaliwa na ugonjwa wa kiwele. Ugonjwa huja kwa vijidudu kuingia kupitia tundu la chuchu. Anachorithi kondoo ni umbo la kiwele na chuchu zake, na jinsi kinga ya mwili wake inavyoamka vijidudu vikishaingia. Tafiti nyingi zilizofanywa kwa kondoo wa maziwa huko Ulaya zinaonyesha kwamba urithi unaeleza kama asilimia 10 hadi 20 tu ya tofauti tunazoziona baina ya jike na jike katika wingi wa chembe nyeupe za kinga ndani ya maziwa, ambazo huongezeka kiwele kikiambukizwa. Zilizobaki ni mikono ya mkamuaji, midomo ya wanakondoo, kupe, malisho, umri na bahati. Ndiyo maana katika kila dalili hapa chini ukoo unakuja nyuma. Lakini usiusahau, maana jike mmoja akiwa na kasoro ni hasara ya jike mmoja, na dume mmoja akiwa na kasoro ni hasara ya zizi zima.

Kabla ya kuanza: namna ya kupima

Mkague jike akiwa amesimama, asubuhi kabla jua halijachoma. Shika kiwele kwa viganja viwili, kila upande kiganja chake, ulinganishe joto, ugumu na ukubwa. Kondoo ana pande mbili tu, kwa hiyo upande mzima ndio kipimo cha upande mgonjwa. Kisha kamua mara mbili tatu juu ya kitu cheusi, hata kipande cha tairi kilichooshwa kinafaa. Mabonge, nyuzi, maji ya manjano na damu huonekana papo hapo kwenye weusi, na kwenye kikombe cheupe hukwepa macho. Joto la mwili la kondoo mzima ni kati ya nyuzi 38.5 na 40. Akipimwa asubuhi akiwa kivulini na kipimajoto kikapita 40.5, hiyo ni homa.

Anza na wazima, umalize na mgonjwa. Nimeona watu wakimkamua mgonjwa kwanza "tumwondoe njiani", kisha mikono ile ile ikaenda kwa majike wengine wote.

Dalili: upande mmoja umevimba, una moto, jike anachechemea au anampiga mwanawe teke

Mara nyingi jike huonekana kama ana shida ya mguu. Watu hukagua kwato, hawaoni kitu, wakamwacha. Kumbe anautanua mguu wa nyuma ili usiguse kiwele. Kondoo anayechechemea wiki chache baada ya kuzaa, kagua kiwele kabla ya kwato.

Chanzo cha kwanza, na kwa mbali, ni bakteria. Wawili ndio vinara: Staphylococcus aureus, anayekaa kwenye ngozi ya chuchu, puani mwa wanakondoo na mikononi mwa watu, na Mannheimia haemolytica, ambaye makazi yake ni kooni na puani mwa wanakondoo wenyewe, akihamia kwa mama wakati wa kunyonya. Hatari hupanda jike akiwa na mapacha, na hupanda zaidi akiwa amekonda. Jike mwenye njaa hutoa maziwa kidogo, wanakondoo wanavuta kwa nguvu na kuuma, chuchu inachubuka, mlango unabaki wazi.

Chanzo cha pili ni maziwa kujaa tu. Mwanakondoo amekufa au ameachishwa ghafla, kiwele kikakaza. Hapa kwa kawaida pande zote mbili hujaa sawa, maziwa ni meupe safi, na homa hakuna. Punguza majani mabichi kwa siku chache na kiwele kitanywea chenyewe. Usimkamue kila saa, maana utakuwa unauambia mwili uzidi kutengeneza.

Chanzo cha tatu ni jeraha: mwiba wa mgunga, au jipu lililoachwa na kupe. Uvimbe unakuwa mahali pamoja, na maziwa yanaweza kuwa mazima kabisa. La nne ni jipu la tezi iliyoko nyuma na juu ya kiwele. Ni gumu, la mviringo, halina moto mwingi, na likipasuka hutoa usaha mzito kama jibini. Hilo ni ugonjwa mwingine, huambukiza zizi kupitia usaha wake, kwa hiyo usilipasue bandani.

Ukithibitisha ni maambukizi, mtenge jike, kamua upande mgonjwa mara kadhaa kwa siku na kuyamwaga maziwa mbali na zizi, na umpatie maji na kivuli. Antibiotiki iamuliwe na daktari wa mifugo. Nasisitiza kwa sababu ya mazoea mawili. La kwanza ni kununua sindano moja agroveti, jike akisimama tu dawa ikaachwa. Bakteria waliobaki hujificha ndani ya nyama ya kiwele na kurudi uzazi unaofuata, kisha ukoo unasingiziwa. La pili ni kutumia bomba la dawa ya kiwele cha ng'ombe. Mdomo wake ni mnene kwa chuchu ya kondoo, na ukiusukuma kwa nguvu unachana tundu la chuchu, ulinzi wa kwanza wa kiwele unakuwa umekwenda.

Simama na umwite daktari siku hiyo hiyo ikiwa: homa imepita 40.5, jike halali au amelala haamki, hacheui, au maziwa yamegeuka maji yenye damu. Na jike aliyechomwa dawa asiuzwe kwa mchinjaji, wala maziwa yake yasinywewe, mpaka siku zilizoandikwa kwenye chupa ziishe.

Na ukoo? Tukio moja la namna hii halisemi chochote kuhusu ukoo. Liandike daftarini, basi.

Dalili: kiwele kimepoa, ngozi ni ya buluu au nyeusi

Hapa hakuna cha kukagua. Sumu ya bakteria imekata damu kwenye kiwele na nyama inaoza ikiwa bado mwilini. Wahusika ni wale wale wawili wa juu. Jike anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili.

Piga simu kwa daktari wa mifugo sasa. Aliye Pate, Faza au Kizingitini apige kabla ya kutafuta boti, ili daktari aje na dawa za maumivu na sumu na siyo antibiotiki pekee. Usikande, usichanje kwa wembe, usiweke kitu cha moto. Watenge wanakondoo na uwanyonyeshe kwa chupa. Nyama ya mnyama huyu si ya kuliwa. Akipona, upande ule utakatika na kudondoka, na kidonda kitachukua majuma mengi. Hata akinenepa baadaye, asipandishwe tena.

Dalili: wanakondoo wanalia na hawakui, lakini kiwele kinaonekana kizima

Hii ndiyo inayokula faida kimya kimya, na ndiyo yenye mengi ya kusema juu ya vinasaba, yaani maelekezo ya urithi yaliyomo ndani ya chembe za mwili.

Anza na rahisi. Jike anapata malisho ya kutosha? Mwisho wa kiangazi, kabla ya masika kushika mwezi wa Aprili, jibu huwa ni hapana, na hakuna haja ya kutafuta mchawi. Tundu la chuchu limezibwa na nta? Kamua uone. Mwanakondoo ana midomo mizima? Pacha mmoja anamzidi mwenzake nguvu?

Yote yakiwa sawa, shuku maambukizi yaliyojificha: bakteria wamo, kinga inapigana nao, maziwa yanapungua, lakini hakuna uvimbe wala moto. Kipimo chake kimekuwepo tangu 1957, kilipobuniwa huko California kwa ajili ya ng'ombe, na kinafanya kazi vizuri kwa kondoo. Ni kisahani chenye vikombe na dawa ya majimaji ambayo kimsingi ni aina ya sabuni. Mwaga michirizi ya mwanzo, kamua kidogo kutoka kila upande kwenye kikombe chake, ongeza dawa kwa kiasi hicho hicho, zungusha taratibu. Maziwa mazima hubaki mepesi. Maziwa ya upande mgonjwa hushikana na kuvutika kama bamia.

Unajua kinachovutika ni nini? Ni vinasaba. Sabuni imepasua chembe nyeupe za kinga zilizojazana kwenye maziwa, nyuzi ndefu za vinasaba vilivyokuwa ndani yake zikamwagika na kusokotana. Kadiri chembe zilivyo nyingi ndivyo uteute unavyokuwa mzito. Maabara nyingi hushuku maambukizi kwa kondoo chembe zikifika nusu milioni hivi kwa kila mililita.

Mambo mawili ya kuangalia. Usipime katika siku za dang'a, maziwa ya kwanza baada ya kuzaa, wala jike anapokaribia kukauka, utapata uteute hata kwa mzima. Na usichukue majibu ya kondoo ukayalinganisha na ya mbuzi wako. Kiwele cha mbuzi hutoa maziwa kwa namna inayomwaga vipande vingi vya chembe hata akiwa na afya njema, kwa hiyo mbuzi mzima anaweza kuonekana mgonjwa.

Hesabu hii ya chembe ndiyo Wafaransa waliyoitumia kuchagua kondoo. Wana kondoo wa Lacaune, ambao maziwa yao hutengeneza jibini la Roquefort, na wana rekodi za maziwa za vizazi vingi. Watafiti wao walifanya jambo la makusudi: walichagua madume ambao mabinti zao walikuwa na chembe chache, na madume ambao mabinti zao walikuwa na chembe nyingi, wakazalisha koo mbili na kuziweka pamoja, chakula kimoja, banda moja. Katika matokeo waliyoyachapisha 2009, majike wa ukoo wa chembe nyingi waliambukizwa zaidi, waliugua kwa dalili zaidi na walichelewa kupona. Kazi yote hiyo ilipitia kwa baba.

Mwaka 2015 wakapata sehemu ya sababu. Kwenye jeni (kipande cha vinasaba chenye maelekezo ya kazi fulani mwilini) iitwayo SOCS2 kuna herufi moja ya maelekezo hayo iliyobadilika. Kazi ya jeni hii ni kama breki: hutuliza ishara za homoni ya ukuaji na baadhi ya ishara za kinga. Herufi ile ikibadilika, breki inalegea. Kondoo anakuwa mkubwa wa umbo, anatoa maziwa zaidi, na kiwele chake kinashambuliwa na kuvimba kirahisi zaidi. Sasa jiulize mfugaji wa kawaida angemchagua yupi. Angemchagua huyo huyo: mkubwa, mwenye maziwa. Ndivyo herufi ile ilivyoweza kuenea bila mtu kuikusudia.

Hiyo ni habari ya Lacaune, na kondoo wetu wa Kisomali wenye kichwa cheusi au wale wekundu wa Kimasai ni watu wengine kabisa. Kinachovuka bahari ni onyo lenyewe: ukichagua dume kwa ukubwa peke yake unaweza kuwa unanunua kitu kingine usichokiona.

Kwa jike aliyegundulika na maambukizi ya kujificha, usianze na dawa wakati ananyonyesha. Andika, pima tena baada ya wiki mbili, na ikiwa upande ule ule bado unavutika, zungumza na daktari kuhusu kumtibu baada ya kuwaachisha wanakondoo, kiwele kinapopumzika.

Dalili: kiwele kigumu pande zote mbili, hakina moto, maziwa ni haba

Ikiwa ni mabonge ya upande mmoja, kwa kawaida ni makovu ya ugonjwa wa zamani na hayatatoka. Ikiwa ni pande zote, ugumu umeenea sawasawa, jike hana homa, na labda anakonda na kuhema kwa tabu akitembezwa, fikiria virusi vya maedi-visna. Hivi huingia polepole, huchukua miaka kuonekana, havina tiba wala chanjo.

Hapa ndipo watu hukosea sana kuhusu ukoo. Mama ana kiwele kigumu, binti baada ya miaka mitatu ana kiwele kigumu, wote wanasema "amerithi". Virusi hivi hupita kwenye dang'a na maziwa, na kwa pumzi ndani ya banda lililobanana. Binti anaweza kuwa amevinywa siku aliyozaliwa. Si kila kinachofuata uzao kimerithiwa.

Tena, upande mwingine wa sarafu hiyo upo pia. Mwaka 2012 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba jeni moja, TMEM154, ina maumbo tofauti, na kondoo wenye nakala mbili za umbo fulani huambukizwa mara chache zaidi kuliko wenzao hata wakikaa zizi moja na wagonjwa. Kwa hiyo virusi hutoka nje, na upesi wa kuvipokea una mchango wa vinasaba.

Kwa vitendo: usitibu kwa antibiotiki, utatupa pesa. Mwite daktari achukue damu. Kuna maabara ya uchunguzi wa mifugo ya kanda Mariakani, na sampuli ipelekwe kwa mkono wake, isipakiwe na wewe kwenye basi na chupa ya soda. Jike akithibitishwa, usiwaweke watoto wake kuwa wazazi wa zizi.

Dalili: vidonda au magaga kwenye chuchu

Kupe kwanza, hasa baada ya mvua. Wale wenye mdomo mrefu hupenda ngozi laini ya kiwele na huacha shimo linalooza. Kagua kila wiki wakati wa masika, ogesha kwa dawa ya kupe kwa kipimo cha lebo. Mafuta machafu ya gari na petroli si dawa, yanaunguza chuchu na kumaliza kazi ambayo kupe ameianza.

Pili ni miba na meno ya wanakondoo wakubwa ambao wangekuwa wameshaachishwa.

Tatu, ukiona magaga kwenye chuchu za mama na midomoni mwa mwana kwa pamoja, ni virusi vya vidonda vya midomo. Vaa glavu, kwa kuwa virusi hivi huhamia kwa binadamu na hutoa kidonda kikubwa kidoleni. Wenyewe hupona ndani ya wiki chache, hatari ni bakteria wanaopita kwenye kidonda. Mtu mwenye kidonda mkononi asikamue. Chuchu ikifura au upande ukipata moto, rudi kwenye dalili ya kwanza.

Dalili: kiwele kimevimba au kukauka ghafla, macho yana tongo, magoti yamefura

Dalili hizi tatu zikitokea pamoja kwenye zizi, hata kama si kwa mnyama mmoja, ziogope. Kuna ugonjwa wa kuambukiza unaoletwa na Mycoplasma agalactiae ambao hukausha maziwa, huvimbisha viungo na kuharibu macho, na hupita haraka kati ya kondoo na mbuzi. Usitafute chanzo kingine kwanza. Funga zizi, usipeleke mnyama mnadani wala kisiwani, usiazime dume, mpigie afisa mifugo wa eneo lako. Ukoo hauhusiki.

Kwa zizi lolote lenye ugonjwa, na hata lisilo nao, maziwa yachemshwe. Brusela, bakteria anayewaambukiza watu pia, hupita kwenye maziwa ya kondoo na mbuzi bila kiwele kuonyesha chochote.

Dalili: kiwele kinaning'inia, chuchu nene au zinaelekea vibaya

Chanzo cha kawaida ni uzee. Jike aliyezaa mara nyingi, mishikizo ya kiwele hulegea. Lakini akiwa hivyo katika uzazi wa kwanza au wa pili, hapo ni umbo alilozaliwa nalo. Umbo la kiwele hurithiwa kwa nguvu zaidi kuliko ugonjwa wenyewe, na linaonekana kwa macho bila maabara, kwa hiyo ndilo jambo rahisi kuliko yote la kuchagulia.

Mtazame kwa nyuma. Chini ya kiwele kuwe juu ya goti la nyuma na nafasi ya kutosha. Pande mbili zilingane. Chuchu ziwe za wastani: ikiwa nene kama dole gumba, mwanakondoo mchanga hawezi kuishika, upande ule unabaki umejaa, na maziwa yaliyosimama ni karamu ya bakteria. Kiwele kinachogusa majani kinaokota matope, samadi na miba njia nzima ya kwenda kunywa maji. Kwa jike wa namna hii, mwezi wa kwanza msaidie mwana kunyonya, kausha malalo, na amua mapema kwamba watoto wake ni wa kuuzwa, wa Idi au wa akika, si wa kuzalisha.

Dalili: jike yule yule kila uzazi, kisha mabinti

Sasa tumefika kwenye ukoo wenyewe. Sababu kwa mpangilio: maambukizi ya zamani ambayo hayakuisha, ndiyo ya kawaida kuliko zote, umbo baya la kiwele, virusi vilivyopita kwenye maziwa, na mwisho, kinga dhaifu ya kurithi. Kutofautisha hayo kunahitaji kitu kimoja ambacho wengi hawana: daftari. Kwa kila jike andika mama, baba, tarehe ya kuzaa, idadi ya wana, upande ulioumia. Upande ule ule ukijirudia, fikiria maambukizi ya zamani. Pande zikibadilika, na mabinti wa dume mmoja kutoka kwa mama mbalimbali wakawa na matatizo kuliko wenzao wa umri ule ule, mtazame dume.

Bila daftari mazungumzo huenda hivi. Huko Hindi, mzee mmoja alikuwa na mabinti kadhaa wa dume mmoja, wote wana shida ya kiwele.

"Shikamoo mzee. Mamake dume huyu yuko?"

"Marahaba. Mamake tulimchinja."

"Alikuwa na nini?"

"Upande mmoja haukuwa na maziwa. Wana wake walikuwa wakilia usiku kucha."

"Na huyu dume mkamwacha?"

"Dume ana nini, mwanangu? Dume hanyonyeshi."

Ni kweli hanyonyeshi. Lakini nusu ya vinasaba vya kila binti ni vyake, na mwenye majike 25 kwa dume mmoja anasambaza nusu hiyo kwa zizi zima ndani ya msimu mmoja. Jike yule alichinjwa, kiwele chake kikabaki kinatembea malishoni.

Kuna na lile la dume kukaa mno. Dume akipanda mabinti zake mwenyewe, wana wanaozaliwa wana uwezekano wa asilimia 25 kwamba nakala mbili za jeni yoyote walizonazo zimetoka kwenye chanzo kimoja. Akipanda dada wa baba mmoja, asilimia 12.5. Kasoro zilizojificha hujitokeza kwa njia hiyo, na kwa jumla kinga hupungua. Mwondoe dume kabla mabinti zake hawajafika umri wa kupandwa. Kubadilishana madume kati ya mtu wa Witu na mtu wa Mpeketoni kunafaa kuliko kununua mara kwa mara, mradi mgeni atengwe wiki kadhaa na kukaguliwa kabla ya kuingia.

Tahadhari kuhusu kuchanganya mbegu. Kondoo wa nyama aina ya Dorper wanapendwa kwa mwili. Utafiti uliofanywa Diani, kusini mwa Mombasa, kati ya 1991 na 1996 ulionyesha kwamba katika unyevu wa pwani yetu kondoo wekundu wa Kimasai walihimili minyoo kuliko Dorper, na vifo vya wana vilikuwa vichache. Watu wakisikia hivyo hudhani kondoo wa Kimasai ana kinga ya kila kitu. Kuhimili minyoo si kuhimili ugonjwa wa kiwele, jeni zake si lazima ziwe zile zile. Kinachoweza kusemwa ni kwamba jike asiyenyonywa na minyoo hakondi, na jike asiyekonda ana maziwa ya kutosha wana wake wasimtafune chuchu.

Jike wa kumwondoa ni yupi basi? Aliyepata ugonjwa mkali mara mbili katika uzazi tofauti, mwenye mabonge ya kudumu, na mwenye kiwele kibovu cha kuzaliwa. Aliyeugua mara moja akapona kabisa, mpe nafasi nyingine, lakini mwana wake wa kiume asiachwe kuwa dume.

Na unapokwenda kununua dume, usiishie kumshika mgongo na kumtazama meno. Omba kumwona mamake akiwa ananyonyesha, umshike kiwele kwa viganja viwili kama ulivyomshika wako. Mama akiwa hayupo, uliza dada zake waliozaa. Wakikosekana wote, na mwenye mali anakwambia tu "huyu ni wa ukoo mzuri", tafuta dume mwingine.